Shuka za Kariakoo, bei ya Moshi

Dada, umesema unanunua shuka Kariakoo kwa 20,000, unaongeza asilimia 30 na kuuza 26,000 hapo Moshi, halafu mwisho wa mwezi hela huioni. Huibiwi. Hesabu yako imeanzia pabaya.

Kwanza, 20,000 siyo gharama yako. Ukileta shuka 20, basi likachukua 15,000 ya mzigo na wa mkokoteni 5,000, kila shuka imekula 1,000 zaidi. Imekufikia dukani kwa 21,000, kwa hiyo faida yako ni 5,000 tu. Na hapo kodi ya fremu hatujaigusa.

Pili, na hapa ndipo wengi tunapokwama (mimi ilinichukua miaka miwili ya kuuza madera kuling'amua), asilimia 30 juu ya gharama siyo asilimia 30 ya mauzo. 21,000 mara 1.3 ni 27,300. Ukiuza hivyo, faida ni 6,300, yaani kama asilimia 23 ya pesa iliyoingia. Ukitaka 30 kamili ya mauzo, usizidishe, gawanya: 21,000 kwa 0.7, unapata 30,000.

Mimi ningeanza kutaja 30,000. Mteja wa Moshi lazima aombe apunguziwe. Ukimpunguzia asilimia 10 anaondoka na 27,000, wewe unabaki na 6,000. Ila ukianzia 26,000 na kutoa punguzo hilohilo, unabakiwa na 2,400, na hiyo haifikii hata umeme.