Mafundi Wasio na Viganja

SWALI: Mhariri, binti yangu wa miaka minane amechora Taj Mahal, na pembeni mafundi wasio na viganja, kwa kuwa amesikia kwamba mfalme aliwakata mikono ili wasijenge nyingine. Je, nimkataze hadithi hiyo? — Mama Msomaji, Kayole, Nairobi

JIBU: Usimkataze, mama, bali mtenganishie ngano na historia. Lililo hakika ni kwamba Mumtaz Mahal alifariki mwaka 1631 akijifungua, na mumewe, mfalme Shah Jahan, akamjengea Taj Mahal, kaburi la marumaru nyeupe mjini Agra, India. Kisa cha mikono hakina ushahidi wowote. Ni ngano inayosimuliwa pia kuhusu majengo mengine duniani, nami naona hapo ndipo penye utamu wa kumuuliza mtoto kwa nini watu hupenda kuisimulia. Kisha mpe kipande cha sabuni ya mche achonge vijishimo vyenye umbo la petali, apachike humo karatasi za rangi zilizokatwa kwa kipimo kilekile, kama mafundi walivyopachika vito ndani ya marumaru. (Vidole vitateleza, na sabuni moja au mbili zitaharibika.) Akimaliza, mwambie awachore upya mafundi wale, safari hii wakiwa kazini.