Barua kwa mwanangu: kabla hujaihama nyumba ya Syokimau

Mwanangu,

Umeniuliza hivi: nyumba ya Syokimau mliyoinunua mwaka 2016 kwa milioni 7.5 sasa yaambiwa ina thamani ya milioni 11, deni la benki limebaki milioni 3.2, na nyinyi mmeipenda nyumba ya milioni 16 yenye uwanja wa watoto kuchezea. Muiuze ya zamani, mkope tena kwa kuiweka rehani, au muipangishe mhamie? Jibu langu: iuzeni, na muiuze mkiwa bado mnaishi ndani yake. Hilo la kuishi ndani yake pekee lina thamani ya karibu laki tatu, kama utakavyoona.

Ukitoa deni kwenye milioni 11, unabaki na milioni 7.8, na nahisi hiyo ndiyo uliyokwisha kuipangia matumizi. Iache. Hesabu fedha zitakazofika mkononi. Tuseme mnunuzi amekubali milioni 10.5. Ajenti akichukua asilimia 3 na VAT juu yake, zimeondoka 365,000. Wakili wako, kwa viwango vya kawaida pamoja na VAT, kama 210,000. Benki yenu ichukue milioni 3.2. Mnabaki na milioni 6.7, na hapo sijahesabu ada ya kumaliza mkopo mapema. Hiyo itafute kwenye barua ya mkopo mliyotia saini, kwa maana benki hutofautiana.

Upande wa pili, nyumba ya milioni 16 haigharimu milioni 16. Ushuru wa stempu, ambao serikali hutoza umiliki unapohamishwa, mjini ni asilimia 4, yaani 640,000, na ni juu ya mnunuzi. Ongeza wakili wako, wakili wa benki (naye mnamlipa nyinyi), mthamini, na asilimia 0.1 ya ushuru wa kusajili rehani. Tenga milioni 1.1. Basi kwenye ile 6.7 mtakuwa na 5.6 ya kuweka, na mkopo mpya ni milioni 10.4. Kwa riba ya asilimia 14 na miaka 15, ni kama 138,500 kila mwezi. Riba ikipanda hadi 16, ni 152,700. Mikopo mingi ya nyumba hapa Kenya riba yake hupanda na kushuka, na mwaka 2024 mliona kiwango cha riba cha Benki Kuu yenyewe kilivyofika asilimia 13. Kama 152,700 inawabana, nyumba hiyo ni kubwa kuliko mfuko wenu. Tafuteni ya milioni 14.

Sasa kukopea ile ya zamani. Mthamini huandika bei mbili kwenye ripoti: bei ya soko, na bei ya kuuzwa kwa haraka, ambayo mara nyingi huwa kama robo tatu ya ile ya kwanza. Kwenu ni milioni 11 na milioni 8.25. Benki ikikopesha asilimia 80 ya bei ya soko, mtapata 8.8 kutoa 3.2, yaani 5.6. Ikitumia bei ya haraka, ni 6.6 kutoa 3.2, yaani 3.4 tu. Muulize afisa wa mikopo anatumia ipi kabla hujalipia uthamini, na umwombe orodha ya wathamini wanaokubaliwa na benki hiyo. Ripoti ya mthamini asiye kwenye orodha hurudishwa, na mtalipa mara ya pili.

Hata mkipata 3.4 hizo, kwa riba ile ile ni 45,000 kwa mwezi, juu ya deni la zamani na la nyumba mpya. Na sheria ya ajira inataka makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Hapo ndipo maombi mengi hukwama, hata nyumba ikiwa na thamani kubwa namna gani.

Najua kupangisha ndiko kunakokuvutia. Mpangaji wa 45,000 hakuletei 45,000. Kodi ya mapato ya pango ni asilimia 7.5 ya pato lote, bila kutoa gharama, nayo ni 3,375. Toa ada ya huduma ya jengo, toa mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu kila mwaka, toa rangi na mabomba. Ukibakiwa na 31,000 umefanya vyema. Na kuna jambo ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida unayopata ukiuza mali, ni asilimia 15 tangu Januari 2023, lakini makazi yako mwenyewe husamehewa ikiwa umeishi humo mfululizo miaka mitatu hadi siku ya kuhamisha umiliki. Ukimweka mpangaji sasa kisha ukauza mwaka ujao, msamaha umeupoteza. Faida yenu baada ya kutoa gharama za kununua na za kuuza ni karibu milioni 2, na asilimia 15 yake ni laki tatu. Hata mkisamehewa, lazima mjaze kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, kwa hiyo wekeni bili za stima na maji za miaka hiyo mitatu kama ushahidi kwamba mliishi humo.

Hatua ya kwanza, wiki hii: iandikie benki ikupe taarifa ya deni la kumalizia. Soma tarehe yake ya mwisho na riba inayoongezeka kila siku baada ya hapo. Pili, mwombe wakili aikague hati yenu. Fleti nyingi zilizouzwa kabla ya Sheria ya Majengo ya Sehemu ya 2020 zina mkataba mrefu wa upangaji, na zinatakiwa kubadilishwa ziwe na hati ya sehemu, yaani hati ya fleti yenyewe. Kama yenu haijabadilishwa, benki ya mnunuzi itasimamisha kila kitu hadi ibadilishwe, na kazi hiyo inamtegemea mjenzi na kampuni inayosimamia jengo, si nyinyi peke yenu. Lianzeni hili kabla ya kumwita ajenti.

Mkeo lazima akubali kwa maandishi, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Hiyo ni nyumba ya ndoa.

Linalowavunja wengi ni tarehe. Mnunuzi hutoa arubuni ya asilimia 10, na mauzo hukamilika kwa kawaida ndani ya siku 90. Arubuni hiyo hukaa kwa wakili wako kama amana, kwa hiyo huwezi kuipeleka kwenye nyumba mpya ila mkataba uwe umesema wazi kuwa unaruhusiwa. Na mnunuzi akikopa, fedha zake hazifiki siku ya kusaini. Benki yake hutoa barua ya ahadi ya kulipa, benki yenu huachilia hati, usajili hufanyika, kisha ndipo malipo hutoka, pengine wiki kadhaa baadaye. Mkiwa mmeahidi kulipa nyumba mpya siku ile ile ya 90, mtakuwa mmekiuka mkataba, na arubuni yenu ya milioni 1.6 iko hatarini. Sainini mauzo kwanza. Kwenye ununuzi ombeni siku 150, na muandike kifungu kwamba malipo yanategemea kukamilika kwa mauzo ya Syokimau. Muuzaji akikataa kifungu hicho, pangeni nyumba kwa miezi mitatu. Kodi hiyo ya pango ni ndogo kuliko milioni 1.6.

Taarifa ya deni ikifika, nitumie pamoja na barua ya mkopo, tuzirudie hesabu hizi kwa tarakimu za benki. Msalimie mkeo na wajukuu zangu.

Mamako