Maswali ya Wasomaji: Viungo vya kwenye maoni ya blogu

Barua tulizochagua safari hii zinagusa jambo moja: kuacha maoni kwenye blogu za watu wengine ili tovuti yako ipate viungo na watembeleaji.

Ndugu Mhariri, kwa miezi minne nimekuwa nikiacha maoni kwenye blogu mbalimbali, na kila mara naweka kiungo cha tovuti yangu ya upigaji picha. Nimefikisha karibu mia mbili. Kwenye Google sijasogea hata hatua moja. Nakosea wapi? (Mpiga picha)

Kosa liko kwenye hesabu. Viungo hivyo mia mbili, karibu vyote, vina alama inayoiambia injini ya utafutaji isivichukulie kama kura ya kuunga mkono ukurasa wako. Alama yenyewe huandikwa "nofollow", na mtu anayesoma ukurasa haioni kwa kuwa inakaa ndani ya msimbo.

Ilitangazwa na Google Januari 2005, na injini nyingine za utafutaji, Yahoo na MSN, zikaiunga mkono. Sababu yake ni watu waliofanya kama ulivyofanya, ila kwa wingi zaidi. Google hupima uzito wa ukurasa kwa kutazama, pamoja na mambo mengine, kurasa zipi nyingine zimeunganisha kwake. Waliogundua hilo wakayavamia masanduku ya maoni, maana ni mahali ambapo mgeni anaweza kuandika kiungo bila kuomba ruhusa. Tangu mwaka huo WordPress, programu ya kuendeshea blogu, huweka alama hiyo yenyewe kwenye kila kiungo cha maoni, mwenye blogu akijua asijue.

Septemba 2019 Google iliongeza alama nyingine, "ugc", kwa ajili ya viungo vilivyowekwa na wageni, ikasema pia kwamba kuanzia hapo alama hizi zitakuwa dokezo badala ya amri. Wapo waliosikia habari hiyo wakarudi mbio kwenye masanduku ya maoni. Sisi hatuoni sababu. Ni kweli dokezo laweza kupuuzwa, lakini sanduku la maoni ndipo mahali pa mwisho ambapo injini ya utafutaji ingekuwa na haja ya kulipuuza dokezo hilo.

Hakikisha mwenyewe. Fungua makala yenye maoni, bofya kwa kitufe cha kulia juu ya jina la aliyetoa maoni, kisha chagua amri ya kukagua msimbo. Tafuta mstari unaoanza na `<a href`, usome kilichoandikwa baada ya `rel=`. Ukikuta "ugc external nofollow" au maneno ya namna hiyo, jibu umelipata. Kwenye blogu zinazotumia Disqus, mfumo wa maoni unaotoka nje ya blogu, bonyeza Ctrl+U uone msimbo wa ukurasa: kwa kawaida maoni hayamo kabisa, kwa sababu huletwa na programu nyingine baada ya ukurasa kufunguka.

Lakini usiache kutoa maoni. Msomaji anayebofya jina lako hajui "nofollow" ni nini, na wala haimhusu. Halafu yupo mtu mmoja anayesoma kila neno linaloandikwa pale, naye ni mwenye blogu. Huyo ndiye anayeandika makala, na kiungo atakachokiweka kwa hiari yake ndani ya makala ndicho chenye uzito unaoutafuta.

Mhariri, shikamoo. Nina tovuti ya ufundi wa baiskeli. Nimekubali kwamba maoni ni ya kuwafikia watu. Sasa nichague blogu zipi, na niandike nini? Mengi ninayoandika hayatokei. (Fundi)

Marahaba. Chagua blogu nane hadi kumi, usizidishe. Zaidi ya hapo hutaweza kusoma makala kwa makini. Kila moja iwe na makala mpya isiyozidi mwezi, maoni yaliyoandikwa na watu halisi, na mwenyeji anayejibu. Kigezo hicho cha mwisho ndicho tunachokipa uzito kuliko vyote. Blogu yenye wasomaji wengi ambayo mwenyewe hajibu mtu ni kama baraza ambalo mwenye nyumba amelala.

Jiandikishe kwenye mlisho wa RSS (orodha ya makala mpya inayojisasisha) au barua pepe za blogu hizo ili ufike siku makala inapotoka. Maoni ya tatu kutoka juu husomwa. Ya themanini ni ya kusogezwa kwa kidole. Blogu nyingine hufunga maoni kwenye makala za zamani, kwa hiyo kuchelewa kunaweza kukukosesha nafasi kabisa.

Kwenye fomu, sehemu ya jina weka jina lako, si "Baiskeli Imara za Kisasa". Jina la biashara humfanya mwenyeji akufute kabla hajasoma. Barua pepe iwe ile ile siku zote, na uiunganishe na picha yako kwenye Gravatar, huduma inayoonyesha picha hiyo kando ya maoni yako, ili watu waanze kukutambua kwa sura. Anwani ya tovuti iweke kwenye sehemu yake. Ndani ya maandishi usiweke kiungo, hasa mara ya kwanza.

Hapo ndipo maoni yako yanapopotelea. WordPress, isipobadilishwa, huyazuia maoni yenye viungo viwili au zaidi mpaka mwenyeji ayapitishe. Pia humzuia mtu ambaye hajawahi kupitishwa hata mara moja. Akishapitishwa, yanayofuata hupita moja kwa moja. Kwa hiyo maoni ya kwanza ni ya kufungua mlango tu. Usipoyaona yametokea, usiyatume tena: mfumo utayakataa kwa kuwa ni marudio, na ukituma mengine ndani ya sekunde 15 utaambiwa unakwenda kasi mno.

Kuna tatizo baya zaidi. Blogu nyingi huchuja maoni kwa Akismet, huduma iliyoanza 2005 na inayojifunza kutokana na yale ambayo wenye blogu huyatia alama ya taka. Wenyeji kadhaa wakikutia alama hiyo, maoni yako yataanza kuzama hata kwenye blogu ambazo hujawahi kufika, na hakuna atakayekuarifu. Ukishuku hivyo, waandikie Akismet wenyewe kupitia fomu yao ya msaada.

Kuhusu cha kuandika: sentensi nne hadi nane, zenye kitu ambacho makala haikuwa nacho. Tuseme makala inazungumzia breki za rimu zinazopiga kelele, na mwandishi ameshauri kusafisha rimu tu. Ungeandika hivi: "Kama kelele inaendelea baada ya kusafisha, angalia pembe ya raba. Upande wa mbele wa raba uguse rimu kwanza, nyuma ibaki nafasi ya kama milimita moja. Ingiza kadi nyembamba nyuma ya raba, kamata breki, kaza boliti, kisha toa kadi. Raba iliyokauka na kung'aa usihangaike nayo, badilisha." Anayeteswa na breki akisoma hapo atataka kujua wewe ni nani, na jina lako li pale pale, linabofyeka.

Kuuliza nako kunafaa, mradi swali lionyeshe umesoma. Kumsahihisha mwenyeji pia, ukitaja kipimo na sababu, bila kebehi. Kisichofaa ni "Makala nzuri sana, endelea kutuelimisha". Roboti zimeliandika neno hilo mara nyingi mno, na hata ukilitamka kwa moyo safi hakuna atakayekuamini.

Nitajuaje watembeleaji waliokuja kupitia maoni? (Mwalimu wa hesabu)

Google Analytics huonyesha tovuti ambazo wageni wametokea, ila blogu nyingine huficha habari hiyo, na mgeni huonekana kama aliyeandika anwani yako mwenyewe. Wengine huongeza vipande vya "utm", vinavyotaja mgeni ametokea wapi, mwishoni mwa kiungo. Vinafanya kazi, lakini kiungo hurefuka na kunuka tangazo, nasi tumezoea kuona vikifutwa.

Njia tunayoipenda ni rahisi zaidi. Tengeneza ukurasa mmoja wenye anwani fupi, mathalani /karibu, usiouunganisha na mahali pengine popote kwenye tovuti yako. Humo weka makala zako tatu bora na fomu ya kujiandikisha. Anwani hiyo ndiyo uijaze kwenye fomu za maoni, basi. Anayefika hapo ametoka kwenye maoni. Pima baada ya miezi mitatu, na utazame waliojiandikisha kuliko waliopita.

Kuna mtu ananiuzia maoni elfu tano yenye kiungo changu. Ninunue? (Mwenye haraka)

Hapana. Elfu tano hazikuandikwa na mtu. Ni programu inayojaza fomu kwa maneno yale yale. Google ilianza kuviandama viungo vya aina hiyo kwa Penguin, mabadiliko ya kanuni zake za kupanga kurasa, Aprili 2012, na tangu Septemba 2016 kazi hiyo ni sehemu ya mfumo wake mkuu, ambao mara nyingi huvipuuza tu. Ukibahatika, basi, utakuwa umepoteza fedha peke yake. Usipobahatika, mkaguzi wa Google ataiadhibu tovuti yako na utaona taarifa kwenye Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti. Kujinasua huko ni kuwaomba wenye blogu mmoja mmoja wafute, na vilivyobaki kuviorodhesha ili uvikatae rasmi. Aliyekuuzia hatakusaidia.

Mimi niko upande wa pili. Blogu yangu inapokea maoni taka mamia kwa siku. Nifunge sanduku? (Mwenyeji)

Usifunge kwanza. Kama unatumia WordPress, nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya Majadiliano, na ufanye mambo matatu: funga maoni kwenye makala zilizopita siku 30, maana roboti hupenda kurasa kuukuu, hakikisha kuzuia wasiowahi kupitishwa kumewashwa, na shusha kikomo cha viungo kutoka viwili hadi kimoja. Ongeza programu jalizi inayoweka kisanduku kilichofichwa kwenye fomu. Mtu hakioni, roboti hukijaza, na ikishakijaza imejisaliti.

Kuondoa sehemu ya anwani ya tovuti hupunguza wavamizi wa kibinadamu, lakini huwaudhi pia wachangiaji wazuri, kwa hiyo iwe hatua ya mwisho. Na folda ya taka ipitie walau mara moja kwa wiki. Akismet hufuta vilivyomo baada ya siku 15, na humo mara nyingine hunaswa msomaji aliyeuliza swali zuri akaambatanisha viungo viwili.