Nililipia kipimo cha saitokini, jicho likaendelea kuwaka

Mara ya kwanza nilidhani ni macho mekundu ya kawaida, yale ya kuambukizana. Nikanunua matone ya antibayotiki nikaweka siku tatu, nne, tano, jicho linazidi tu, na cha ajabu halikuwa na tongotongo hata kidogo, asubuhi nafungua jicho bila shida ila mwanga wa simu tu unanichoma kama sindano, na wekundu wenyewe ulikuwa umekaa kama pete kuzunguka ile sehemu yenye rangi katikati ya jicho badala ya kutapakaa jicho lote. Halafu kuna kitu kingine niligundua kwa bahati mbaya tu: nikifunika jicho bovu nikamulika lile zima, bovu ndo linauma. Maana mboni zote mbili zinasinyaa kwa pamoja, na ile ya upande mgonjwa ikisinyaa inavuta nyama iliyovimba. Ukiona hivyo usikae unajitibu, nenda kwa dokta wa macho siku hiyohiyo. Mimi nilikaa wiki nzima kama mjinga.

Jina la ugonjwa ni uveitisi, yaani mcharuko wa ndani ya jicho, kinga ya mwili inawasha moto humo, kwangu mimi sehemu ya mbele. Mimi si daktari, ni mgonjwa tu wa siku nyingi, kwa hiyo soma hii kama unavyomsikiliza mtu mliyekutana kwenye benchi la kusubiria.

Siku ya kwanza dokta alizima taa za chumba, akaniambia weka kidevu hapa, paji la uso bana hapo, usipepese. Akaelekeza mwanga mwembamba kwa pembeni, akanyamaza, midomo inacheza taratibu. Nikamuuliza, dokta unahesabu nini? "Nahesabu seli mwanangu, subiri kwanza." Kumbe ni kweli anahesabu! Ukiwa kwenye chumba chenye giza halafu mwale wa jua ukapenya tunduni si unaona vumbi linaelea, basi ndo hivyohivyo, maji yaliyoko mbele ya jicho yanatakiwa yawe safi kabisa lakini yakicharuka unaona seli nyeupe zinaelea kwenye ule mwanga, na kukiwa na protini iliyovuja unaona kama moshi. Wanahesabu kwenye kieneo cha milimita 1 kwa milimita 1. Kuanzia 6 hadi 15 ni daraja la kwanza, 16 hadi 25 la pili, 26 hadi 50 la tatu, zaidi ya hapo la nne. Mimi nilikuwa la tatu. Hiyo namba iandike kila ukienda, nitakuambia kwa nini.

Sasa hizo seli zimeitwa na nani pale? Hapo ndo saitokini zinapoingia. Ni protini ndogondogo ambazo seli za kinga zinatumiana kama meseji. TNF-alfa inalegeza kuta za mishipa seli zipite, IL-6 inachochea moto, IL-17 inaita vikosi vya kwanza, na zipo za upande wa pili kama IL-10 na TGF-beta zinazosema jamani tulieni. Jicho lenye afya kwa kawaida limejaa meseji za kutuliza. Mtafiti mmoja, Peter Medawar, aliandika mwaka 1948 jinsi alivyopandikiza ngozi ya sungura mmoja ndani ya jicho la mwingine, na vipande vile viliweza kuishi humo pale ambapo mwili kwingine ungevikataa, ndo watu wakaanza kuelewa kwamba jicho lina utaratibu wake. Na ina mantiki ukifikiria, kovu likibaki kwenye goti unalisahau, likibaki kwenye retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha, utalitazama maisha yako yote. Kwa hiyo jicho linajitahidi sana lisicharuke, na uveitisi ni pale utulivu huo unapovunjika.

Haya yote niliyasoma usiku nikiwa na jicho moja limefungwa, na hapo ndo nikajiingiza matatizoni. Nikasema kama shida ni saitokini basi nipime saitokini. Nikapata maabara wanaopima kwenye damu, nikalipa hela ya maana tu, nikapewa karatasi ina mistari kumi na kitu, IL-6, TNF, IL-17, zote ziko ndani ya kiwango cha kawaida. Nikafurahi kweli! Na jicho lilikuwa limeanza kuwa jeupe sababu nilishatumia matone ya steroidi, dawa ya kutuliza mcharuko, siku kadhaa. Nikajiambia si unaona, mwili umetulia, nikaacha matone bila kumuuliza mtu.

Siku ya tisa nimesimama mbele ya kioo naona mboni yangu sio duara tena, imekaa kama ua lenye petali tatu. Ile sehemu yenye rangi ilikuwa imeganda kwenye lenzi kwa nyuma, yaani mcharuko umetengeneza kama gundi. Nikarudi mbio.

Dokta aliisoma ile karatasi yangu kwa heshima, sijui kwa nini hakucheka. Akaniuliza, unajua hapo mbele ya jicho kuna maji kiasi gani? Robo ya mililita hivi. Na damu yako yote? Karibu lita tano. Sasa jicho likipiga kelele humo ndani, kinachovuja kwenda kwenye damu kinapotelea baharini. Na hata kinyume chake, IL-6 inapanda ukiwa na mafua, ukifanya mazoezi makali, inabadilika kati ya asubuhi na jioni, na damu ikichelewa kushughulikiwa maabara majibu yanaharibika. Kwa hiyo namba ikiwa juu haikuambii ni jicho, na ikiwa chini haikuambii jicho limepona. Ile aliyohesabu yeye kwa mwanga ndo namba ya jicho lako. Ndo maana nimesema iandike.

Kuna sehemu moja ambapo kupima saitokini kunasaidia kweli, ila hawapimi damu, wanavuta maji kidogo kutoka ndani ya jicho lenyewe. Kuna saratani ya limfoma inayojificha ndani ya jicho na kujifanya uveitisi, mara nyingi kwa watu wa umri mkubwa, steroidi zinaituliza kidogo halafu inarudi. Kwenye hiyo IL-10 huwa inazidi IL-6, wakati kwenye uveitisi ya kweli IL-6 ndo huwa inatawala. Haitoshi peke yake lakini inampa dokta sababu ya kuchimba zaidi. Tofauti na hapo, na tafiti, hela yako ya kipimo cha damu weka kwenye nauli ya kurudi kliniki.

Vipimo vya maana ni vile visivyo na mvuto. Kaswende, usishangae na usione aibu, inaweza kuiga karibu ugonjwa wowote wa jicho na ina dawa. Kifua kikuu, na picha ya kifua. Na dokta ahakikishe sio virusi vya hapesi, maana hapesi ikiwa kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, halafu ukamwaga steroidi peke yake unaweza kuharibu jicho kabisa, hii ndo sababu mi huwa nakasirika nikisikia mtu kampa jirani yake matone yake ya steroidi eti macho yanafanana.

Halafu maswali. Dokta aliniuliza kama mgongo unaniuma. Nikasema ndio lakini si umri na kukaa sana. Akauliza unauma zaidi ukipumzika au ukitembea? Sikuwahi kufikiria. Asubuhi nilikuwa naamka nimekakamaa kama mbao zaidi ya nusu saa, nikitembea unaachia, na mgongo wa kuchoka kwa kawaida unafanya kinyume, ukipumzika ndo unapata nafuu. Akanipima jeni ya kurithi inayoitwa HLA-B27, ambayo tangu mwaka 1973 ilijulikana inahusiana na ugonjwa wa uti wa mgongo kukakamaa na aina hii ya uveitisi. Nikawa nayo. Kuwa nayo si ugonjwa, wengi walio nayo hawaumwi kitu, ila mgongo wangu na jicho langu kumbe vilikuwa kesi moja. Kwa hiyo ukienda kwa dokta wa macho mwambie na yasiyo ya macho: vidonda vya mdomoni vinavyorudirudi, sehemu za siri pia, vipele, tumbo la kuendesha lenye damu, viungo kuvimba, kikohozi kisichoisha. Yeye anaona jicho tu, hayo mengine hawezi kuyaona usiposema.

Nikapelekwa kwa dokta wa viungo, na hapa nataka nikae kidogo maana ndo sehemu iliyonifundisha zaidi. Yule alitaka kunianzishia sindano ya etanasepti, inazuia TNF na inafanya vizuri kwa mgongo. Dokta wa macho akasema hapana, bora adalimumabu. Zote zinazuia TNF! Nilidhani wanashindana tu. Kumbe etanasepti haina nguvu kwenye kuzuia uveitisi, na kuna watu jicho limewaka wakiwa wanaitumia, wakati adalimumabu ilipitishwa Marekani mwaka 2016 kwa uveitisi isiyo ya maambukizi, ile ya katikati na ya nyuma. Na sekukinumabu, inayozuia IL-17, inasaidia ugonjwa wa ngozi wa soriasisi na mgongo vizuri tu, lakini ilipojaribiwa kwenye uveitisi katika majaribio matatu yaliyochapishwa 2013 haikufikia lengo lililowekwa. Meseji ileile, ila kwenye mgongo ndo bosi na kwenye jicho hata haijulikani ina cheo gani. Basi ukiwa na madokta wawili hakikisha wanaongea, wapigiane simu au waandikiane barua uibebe mwenyewe, mi niliibeba.

Na kabla ya sindano ya kuzuia TNF lazima upimwe kifua kikuu kilicholala na homa ya ini B. TNF ndo inayosaidia kujenga ukuta unaofungia vijidudu vya TB, ukiiondoa ukuta unabomoka. Mtu asikuharakishe hapo. Na kama umeandikiwa methotreksati, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga, ni mara moja kwa WIKI, sio kila siku, kuna watu wamekufa kwa kosa hilo.

Tukirudi kwenye matone, maana ndo wengi tunaishia hapo. Prednisoloni asetati ni unga uliochanganywa kwenye maji, usipotikisa chupa vizuri unaweka maji matupu mwanzoni na dawa yote inabaki chini. Mimi nilikuwa nageuza tu mara moja. Weka tone moja, funga jicho taratibu, bana kona ya ndani karibu na pua dakika mbili hivi lisishuke kooni, na kama una dawa ya pili subiri dakika tano. Mwanzo niliweka kila saa nikiwa macho, halafu kupunguza kulichukua wiki sita, na kila hatua inatokana na zile seli, sio jinsi jicho linavyoonekana kwenye kioo. Yale matone ya kutanua mboni yataharibu kusoma kwako kwa muda lakini ndo yanayozuia ile gundi, kwangu yaliachanisha petali mbili, ya tatu ipo mpaka leo. Na presha ya jicho ipimwe, steroidi inaipandisha kwa baadhi yetu bila maumivu yoyote, na ikitumika muda mrefu inaleta mtoto wa jicho.

Ah, na watoto. Mtoto mwenye ugonjwa wa viungo anaweza kuwa na uveitisi jicho likiwa jeupe pee, haumwi, halalamiki, huku ndani linaharibika. Huyo apelekwe kwenye ile mashine ya mwanga mwembamba hata kama anaona vizuri, wengine kila miezi mitatu, dokta atakuambia ratiba yake.

Ile karatasi ya saitokini bado ninayo, ipo kwenye mlango wa friji, nimeigeuza. Nyuma yake nimechora ratiba ya matone na pembeni naandika daraja la seli kila nikitoka kliniki. Ya mwisho inasoma nusu, yaani chini ya daraja la kwanza lakini si safi kabisa, kwa hiyo bado naweka tone moja kila asubuhi.