Uliza Mwalimu: Pesa za chuo kwa wasioona ziko wapi?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi za jambo moja, watoto wasioona waliomaliza shule na wazazi wao wanauliza chuo kitalipwaje. Nimechukua nne.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nimemaliza form six mwaka huu, kombi HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), matokeo mazuri tu namshukuru Mungu. Sioni kabisa tangu utotoni. Kuna listi inazunguka WhatsApp ya skolashipu za wasioona, kaka kanisomea yote, kila moja ni maelfu ya dola. Sasa kuna jamaa anasema nimtumie elfu hamsini anifanyie aplikesheni zote. Nimtumie? Na hapa kwetu hakuna ufadhili wa wasioona tu? (Kijana wa Masasi)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Hiyo elfu hamsini usitume, tena mblok kabisa.

Listi hiyo hata mimi nimeletewa mara kadhaa. Waliomo humo wengi ni wa kweli, sio matapeli, shida ni kwamba hawakuongelei wewe. Chukua National Federation of the Blind, chama cha wasioona wenyewe kule Marekani, kipo tangu 1940, na miaka ya karibuni kinatoa skolashipu 30 za dola 8,000 kila moja, ila mwombaji lazima awe anakaa Marekani na asome chuo cha huko huko. American Council of the Blind na Lighthouse Guild nao wanasaidia wanafunzi wa huko huko. Yaani jamaa anataka umlipe ili ajaze fomu itakayokataliwa kwenye mstari wa kwanza tu wa anwani, na hapo ujue elfu hamsini yake haina risiti.

Sasa la hapa nyumbani. Ukikaa unasubiri kitu kilichoandikwa "ufadhili wa wasioona" utasubiri sana, wenzako watamaliza mwaka wa kwanza wewe bado unatafuta kwenye simu. Pesa nyingi zipo kwenye kapu la watu wote, na kutokuona kwako kunaingia kama sababu ya kupewa kipaumbele. Kapu lenyewe ni Bodi ya Mikopo, HESLB, iliyoanza kazi 2005. Dirisha la maombi kwa kawaida linafunguliwa Juni na mwezi wa nane linafungwa au linakaribia kufungwa, ada ya maombi elfu 30, na kila kitu kinaenda mtandaoni. Kwa hiyo usisubiri Agosti. Kitu kinachowaangusha wengi wenu ni makaratasi: cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa vizazi na vifo, fomu isainiwe serikali ya mtaa au kijiji na kwa hakimu au wakili, halafu wewe una karatasi moja ya ziada ambayo wenzako hawana, ya mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa kuthibitisha ulemavu. Hiyo ndiyo ianze. Daktari anaweza kuwa safarini, mhuri unaweza kuwa umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko semina, unajua mambo ya ofisi zetu. Anza nayo leo hii, na wanaokuja nyuma yako waanze Mei.

Na nikuonye kuhusu steshenari. Najua utaenda steshenari kujaziwa, wengi wanafanya hivyo na hakuna ubaya, ila yule kijana ana foleni ya watu na kipengele cha ulemavu anakiruka kwa sababu wateja wake wengi hakiwahusu. Mwambie akusomee kila mstari kabla hajabonyeza kutuma, au nenda na kaka yako. Paswedi kaa nayo wewe, isiwe kwenye daftari la dukani. Na namba ya simu inayoandikwa iwe yako, maana kuna watu wamejaziwa namba ya mwenye duka, meseji zikawa zinaenda kwake.

Nikuambie na ukweli mwingine: huo ni mkopo. Utarudisha asilimia 15 ya mshahara ukiajiriwa, kutokuona hakuufuti. Afadhali kidogo, tangu 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani imeondolewa, kwa hiyo deni halivimbi kama zamani.

Utaniuliza Samia Skolashipu, ile ya bure kabisa. Ilianza 2022/23 na inawachukua waliofaulu zaidi kwenye kombi za sayansi, wewe na HKL yako haupo. Hapa niseme langu la moyoni. Wasioona wengi nchi hii wanaishia kwenye Historia na Kiswahili, na sio kwamba wote walikuwa na mapenzi navyo, ni kwa sababu hakuna aliyewaandalia michoro ya kugusa wala maabara wanayoweza kufanya praktiko, kwa hiyo mlango wa sayansi unafungwa wakiwa form one au two. Halafu miaka minne mbele skolashipu kubwa inatangazwa kwa sayansi. Hakuna sheria iliyowakataza kuomba, lakini matokeo si ni yale yale? Mheshimiwa yeyote anayesoma ukurasa huu alifikirie hilo.

Ya nje weka akiba ya baadaye. Ukishakuwa na digrii na uzoefu wa kazi angalau miaka miwili kuna Chevening ya Uingereza kwa masters ya mwaka mmoja, kuna Commonwealth, na kuna Australia Awards, zote ni za watu wote na zote zina utaratibu wa kumsaidia mwenye ulemavu aliyechaguliwa. Muhimu unasema mapema mahitaji yako. Wengine wanaficha kwenye fomu eti wasionewe huruma, halafu wanafika chuo hawana msaada wowote na hapo kuupata ni mbio.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzazi wa Likoni, Mombasa. Binti yangu haoni, KCSE amepata C plain. Majirani wanasema bila C+ hakuna chuo na hakuna msaada wa serikali, kwamba nimtafutie tu kazi ya mkono. Ni kweli? (Mama Mariam)

JIBU: Mama Mariam, majirani wako wana nusu ya ukweli na hiyo ndiyo hatari zaidi. C+ ni ya digrii. Diploma inaanzia C-, kwa hiyo binti ana nafasi kabisa, na akimaliza diploma vizuri ngazi ya digrii haijaondolewa. Apply kupitia KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, kama wengine na pale pa ulemavu ajaze.

Lakini kwanza kabisa, je amesajiliwa na Baraza la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD? Kama bado, mpeleke hospitali ya serikali inayofanya asesmenti akapimwe, upate ripoti, ndipo kadi. Bila hiyo kila ofisi utakayoingia watakurudisha hapo hapo. Ukishakuwa nayo, Baraza lenyewe lina msaada wa karo kwa wanafunzi, unajaza fomu yao kwenye ofisi ya kaunti. HELB, bodi ya mikopo ya Kenya, nayo inakopesha wanafunzi wa TVET, yaani vyuo vya ufundi, sio wa yunivasiti peke yake. Halafu basari ya CDF (mfuko wa jimbo la mbunge) na ya kaunti, hizo unazijua, ila kumbuka cheki inaandikwa kwa jina la chuo, haiingii mkononi mwenu, kwa hiyo nauli ya feri na matatu na chakula cha binti mpange wenyewe tangu sasa.

Kuhusu chuo, watu watakuelekeza Machakos kwenye taasisi ya ufundi ya wasioona. Ni mahali pazuri kama anachotaka kusoma kipo pale. Kama anataka kitu kingine aombe chuo kingine chochote, ana haki hiyo hiyo. Umemuuliza anataka kusoma nini? Kwenye barua yako ndefu sijaona hata mstari mmoja wa alichosema yeye.

SWALI: Mwalimu habari. Mimi ni mama wa Fizi, Kongo, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi, sasa tuko Louisville, Kentucky, tuna green card. Mutoto wangu wa kiume ana miaka 17, anaona kidogo sana. Mwalimu wake anasema kuna pesa za chuo. Mimi naogopa, nisije nikaandikisha mutoto kama kilema halafu wakamunyima kazi kesho. (Mama wa Louisville)

JIBU: Mama, wewe listi ile niliyomkataza kijana wa Masasi ndiyo yako. Mmefikia mji ambao una American Printing House for the Blind, taasisi iliyoanzishwa 1858 inayotengeneza vitabu na vifaa vya wasioona, iko hapo hapo Louisville, mpeleke kijana akashike vifaa kwa mkono wake.

Hofu yako naielewa, kwetu mtu akiandikwa hivyo anawekwa pembeni. Huko karatasi hiyo inafanya kazi tofauti. Kipimo chao ni 20/200 (yaani lazima asogee futi 20 kuona kile mwenye macho mazima anakiona kutoka futi 200) kwenye jicho lililo zuri hata akivaa miwani, au upeo wa kuona usiozidi nyuzi 20. Akifikia hapo, sheria inamhesabu kuwa asiyeona hata kama anaona kidogo, na milango inafunguka. Wa kwanza ni ofisi ya jimbo ya Vocational Rehabilitation, inayowaandaa wenye ulemavu kwa kazi. Hawa wanaanza na watoto wangali shuleni, na akienda chuo wanaweza kulipia sehemu ya ada, kompyuta, mafunzo ya fimbo nyeupe. Ila watawaambia kwanza jazeni FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, kwa sababu Pell Grant inayopatikana kwa fomu hiyo hairudishwi (mwaka 2024/25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395) nao wanajazia panapobaki. Kwa hiyo msishangae wala msidhani mmekataliwa. Ndipo skolashipu ya National Federation of the Blind, fomu zinafungwa 31 Machi, kuna mahojiano na kiongozi wa chama wa jimbo, na wakimchagua lazima ahudhurie mkutano wao wa Julai. Safari hiyo wanaigharamia wao.

Na kwenye hivyo vikao omba mkalimani wa Kiswahili. Usimtumie kijana mwenyewe kukutafsiria mambo yake, atakuambia anayotaka usikie.

SWALI: Niko mwaka wa kwanza, mkopo nimepata, lakini bumu lote, ile pesa ya kujikimu, linaishia kumlipa mtu wa kunisomea handauti. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Mwanza)

JIBU: Elfu kumi kwa siku ya chakula na malazi ukiigawa na msomaji hata ugali haufiki, nakuelewa. Mambo matatu. Weka NVDA kwenye kompyuta, ni programu ya kusoma skrini, ya bure kabisa, ilianzishwa 2006 na vijana wawili wa Australia wasioona, na ina sauti ya Kiswahili, inakwaruza kidogo lakini utaizoea. Asiye na kompyuta awashe TalkBack kwenye simu ya Android, mara nyingi imo tayari. Pili waombe walimu handauti kwa Word, sio ile PDF iliyopigwa picha, maana picha programu inakaa kimya nayo. Omba kwa barua kupitia kitengo cha mahitaji maalumu cha chuo au mshauri wa wanafunzi, nakala ubaki nayo. Tatu, mkutubi akikwambia kubadili kitabu kiwe cha sauti au nukta nundu ni kuvunja hakimiliki, mtajie Mkataba wa Marrakesh wa 2013, uliruhusu jambo hilo hilo kwa wasioona na Tanzania imo.

Msomaji usimfukuze kabisa. Mbakize kwa vitabu vya zamani vya karatasi na grafu, mlipe kwa saa.