Maswali na majibu: Belgrave, kitongoji cha Leicester kinachojua muhogo

Wiki mbili zilizopita niligusia kwa sentensi moja tu kitongoji cha Belgrave, katika jiji la Leicester nchini Uingereza, ambacho wakazi wake wengi ni Wahindi ambao familia zao zilitoka Afrika Mashariki, nikasema kwamba huko nilizungumza Kiswahili dukani zaidi kuliko nilivyotarajia. Maswali yamemiminika, na mengine yana hasira. Nayajibu leo kwa kadiri nafasi inavyoruhusu.

Belgrave ni wapi hasa? Ni mji au mtaa? (Msomaji wa Dodoma)

Ni kitongoji ndani ya jiji la Leicester. Ukisimama penye mnara wa saa katikati ya jiji, ukaelekea kaskazini kwa miguu, dakika kama 20 hivi unakuwa umeshaingia Belgrave Road. Barabara hiyo inanyooka hadi kwenye njia panda: mkono wa kushoto inakuwa Loughborough Road, mkono wa kulia inakuwa Melton Road. Kipande chenye maduka, kuanzia Belgrave Road hadi Melton Road, ndicho watu wanachokiita Golden Mile, yaani Maili ya Dhahabu. Wengi wanasema jina limetokana na masonara waliojipanga hapo, wengine wanadai ni kwa sababu ya taa za njano za barabarani.

Nyuma ya maduka kuna mitaa ya nyumba za matofali mekundu, zimeshikana ukuta kwa ukuta, mlango unafunguka moja kwa moja barabarani. Hizo zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani. Ukiifuata Melton Road kaskazini unafika Rushey Mead, ambako nyumba zina bustani na nafasi ya kuegesha gari. Familia nyingi zilizoanzia kwenye vile vyumba vyembamba vya Belgrave zilihamia huko zilipopata nafuu, na zilizopata zaidi zikavuka jiji zima hadi Oadby, upande wa kusini. Ukimuuliza mtu wa huko anaishi wapi, jibu lake linakueleza pia familia yake imefika wapi.

Jina Belgrave lina maana gani? (Msomaji wa Tanga)

Hili ninalipenda. Katika kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, kile ambacho mfalme aliandikisha ardhi na mali za Uingereza, kijiji hiki kinaitwa Merdegrave. Kwa Kiingereza cha kale ilikuwa na maana ya kichaka cha wanyama wadogo wa jamii ya kicheche. Lakini watawala wapya walikuwa Wanormani, wasemao Kifaransa, na kwao "merde" ni mavi. Hawakuweza kuvumilia kumiliki kijiji chenye jina hilo. Wakaondoa "merde" wakaweka "bel", yaani nzuri. Kwetu tumezoea kuona mtawala mgeni akibadilisha majina ya miji. Hapa Waingereza wenyewe walifanyiwa.

Kabla ya Wahindi kulikuwa na nini hapo? (Mwalimu wa historia, Kakamega)

Kulikuwa na kijiji, mwalimu, na sehemu yake bado ipo. Acha kelele za Melton Road, shika Loughborough Road kisha kata kuingia Church Road. Ghafla unasikia ndege. Kuna kanisa la Mtakatifu Petro lenye mlango wa enzi za Wanormani, na kuna daraja la kale la mawe juu ya mto Soar. Karibu na kanisa ipo Belgrave Hall, nyumba ya matofali yenye madirisha yaliyopangwa sawasawa, iliyojengwa kati ya 1709 na 1713 kwa ajili ya Edmund Cradock, mfanyabiashara wa soksi. Kumbuka hilo la soksi. Leicester ilikuja kuwa jiji la soksi, sweta na viatu, na fedha za soksi zilikuwa zimeshajenga kasri kijijini kabla viwanda havijaanza.

Katika karne ya 19 nyumba hiyo ilikuwa ya akina Ellis, familia ya Wakweka, yaani wafuasi wa dhehebu la Kikristo la Quaker. John Ellis alikuwa mmoja wa waliosukuma ujenzi wa reli ya Leicester hadi Swannington iliyofunguliwa mwaka 1832, reli ya makaa ya mawe, na baadaye akawa mwenyekiti wa kampuni ya Midland Railway. Makaa yakawa rahisi, viwanda vikapata moto, na jiji likaanza kutambaa kuelekea kijijini. Katika miaka ya 1890 Belgrave ikaingizwa rasmi ndani ya Leicester. Belgrave Road ilikuwa na kituo chake cha treni, ambacho watu wazima wa Leicester wanakikumbuka kwa treni za kiangazi zilizowapeleka pwani Skegness na Mablethorpe. Leo pale pana duka kubwa la vyakula.

Mwajiri aliyeishikilia Belgrave alikuwa British United Shoe Machinery, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1899 na kutengeneza mashine za viwanda vya viatu. Zama zake nzuri iliajiri zaidi ya watu 4,000 jijini. Ilianguka mwaka 2000, na wafanyakazi waliokatwa mshahara kwa ajili ya pensheni maisha yao yote wakakuta mfuko wao wa pensheni hauwezi kuwalipa walichoahidiwa.

Nimesikia Belgrave Hall ina mzimu. (Msomaji wa Zanzibar)

Mwaka 1998 kamera ya ulinzi ilinasa kivuli cheupe kwenye ua, habari ikazunguka dunia. Waliochunguza walielekeza kidole kwenye jani lililopita mbele ya kamera. Bustani ya nyumba hiyo inapendeza kuliko hadithi ya mzimu.

Kwa nini Wahindi wa Uganda walikwenda Leicester na si London? (Msomaji wa Kampala, wengine wanne wameuliza vilevile)

Wengi walikwenda London pia. Lakini tuanze kabla ya Uganda, kwa sababu watu husimulia kana kwamba yote yalianza na Idi Amin.

Waliotangulia ni wa Kenya. Baada ya uhuru serikali ilianza kutoa leseni za biashara na vibali vya kazi kwa raia kwanza, na Wahindi wengi walikuwa wameshikilia pasipoti za Uingereza. Wakaanza kuondoka. Mwezi Machi 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku 3 tu sheria ya kuwawekea kizuizi watu hao wenye pasipoti zake, isipokuwa kama mzazi au babu alizaliwa huko. Waliowahi kabla ya mlango kufungwa, baadhi yao walishukia Leicester. Tanzania nayo iliongeza: Aprili 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, na familia nyingi za Dar es Salaam, Mwanza na Tanga zikafunga mizigo.

Kwa hiyo Amin alipotangaza tarehe 4 Agosti 1972 kwamba Wahindi wana siku 90 za kuondoka, tayari Belgrave kulikuwa na shangazi, binamu na jirani wa zamani. Nyumba zilikuwa za bei nafuu, maana Waingereza wengi walikuwa wakihamia kwenye nyumba mpya za halmashauri. Na kazi zilikuwepo. Viwanda vya soksi na sweta viliajiri wanawake, kwa hiyo familia iliyofika na masanduku mawili na pauni 50 na kitu, kiasi walichoruhusiwa kutoka nacho, iliweza kupata mishahara miwili ndani ya mwezi mmoja. Wanawake ambao Jinja au Kampala walikuwa hawajawahi kuajiriwa walikaa kwenye cherehani za kiwandani saa nane kwa siku. Nani ataandika historia yao vizuri sijui, lakini bila mishahara ile Belgrave ya leo isingekuwepo.

Jiji halikuwataka. Septemba 1972 halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, Kampala, likiwasihi Wahindi wasiende huko: nyumba hakuna, shule zimejaa, huduma za afya zimeelemewa. Wazee wa Belgrave wanasema kuna waliolisikia jina la Leicester kwa mara ya kwanza kupitia tangazo lile. Takriban watu 28,000 waliingia Uingereza kutoka Uganda, na maelfu kati yao wakaishia jiji lilelile lililowaambia wasije.

Na maisha hayakuwa mteremko. Mei 1974, katika kiwanda cha taipureta cha Imperial, upande mwingine wa jiji, wafanyakazi wa Kiasia waligoma kwa karibu miezi mitatu baada ya kuona wanapunjwa bonasi, na chama chao cha wafanyakazi hakikuwaunga mkono. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. Mwaka 1976 chama cha National Front, kilichotaka wahamiaji wafukuzwe, kilipata karibu asilimia 18 ya kura za halmashauri mjini humo. Watoto wa Belgrave wa miaka ile wanakumbuka njia za kupita kurudi kutoka shule na njia za kukwepa.

Mbona unawaonea huruma? Hao ndio waliotunyonya. (Msomaji wa Jinja)

Hasira yako ina mizizi, sitaifuta. Ukoloni ulipanga watu ngazi kwa ngazi, Mwafrika chini. Uganda, wakulima wa pamba waliandamana mwaka 1949 wakidai haki ya kuchambua pamba yao wenyewe, kwa sababu vinu vilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu. Tanganyika, sheria ya kikoloni ilizuia Mwafrika kukopeshwa kama mfanyabiashara mwingine. Duka likibaki la mtu mmoja kwa vizazi vitatu, si kwamba wengine walikuwa wavivu.

Lakini waliofukuzwa hawakuwa wenye vinu peke yao. Walikuwamo walimu, mafundi magari, makarani, wajane washona nguo, na watu waliokuwa na uraia wa Uganda ambao karatasi zao zilikataliwa mezani. Na maduka hayakwenda kwa mkulima wa pamba. Yaligawiwa askari na marafiki zao, wale ambao Waganda waliwabatiza jina mafuta mingi, na ndani ya miaka michache sukari na sabuni vikawa vitu vya kupangia foleni. Naweza kumlilia mkulima aliyepunjwa na mjane aliyefukuzwa. Sioni kwa nini nichague mmoja.

Ni kweli Kiswahili kinasemwa huko? (Msomaji wa Mwanza)

Ni kweli, ingawa kinakwenda na wazee. Nilikuwa kwenye duka la mboga, Melton Road. Mama mmoja wa Kihindi, mzee, amevaa sari na koti zito la baridi juu yake, alikuwa akichagua muhogo. Mihogo ya Uingereza huja kutoka mbali, mara nyingi Costa Rica, imepakwa nta isiharibike, kwa hiyo kwa macho huwezi kuujua mzuri. Alikuwa akikwangua kwa ukucha karibu na kichwa cha muhogo, anaangalia weupe, anarudisha, anachukua mwingine. Vilevile kabisa anavyofanya mama yangu. Nikasema, "Shikamoo, mama." Mkono ukasimama. "Marahaba. Wa wapi wewe?" Nikamwambia Musoma. "Aa, sasa si jirani yangu! Mimi wa Mwanza." Akaniuliza kama sato bado wanauzwa kwa fungu pale mwaloni, kisha akanichagulia mihogo mitatu na kunikataza kununua ule wa nne. "Una nyuzi huo, mwanangu."

Hata wasiojua Kiswahili wanakisema bila kujua. Kijana aliyezaliwa Leicester, hajawahi kuiona Afrika, atakuagizia "mogo" mgahawani akidhani ni neno la Kigujarati. Ni muhogo wetu, umekatwa vipande, umekaangwa, umenyunyiziwa pilipili na ndimu. Nyumbani mwao sufuria ni sufuria, kisu ni kisu, na karanga ni "jugu", njugu iliyopungua herufi moja. Ukienda India kwa mabinamu zao, maneno hayo hayaeleweki.

Diwali ya huko ni kubwa kama wanavyosema? (Msomaji wa Muscat)

Ni kubwa. Taa za sikukuu hiyo ya Wahindu zimekuwa zikiwashwa kila mwaka juu ya Belgrave Road tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na umati wa usiku wa kwanza huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Halmashauri iliyoweka lile tangazo la 1972 ndiyo huwaandalia. Vaa viatu vya kufungwa na koti, maana ni Oktoba au Novemba.

Nina siku moja tu Leicester. Nifanye nini Belgrave? (Msomaji wa Arusha)

Asubuhi nenda kanisani na kwenye daraja la Soar, kungali kimya. Belgrave Hall haifunguliwi kila siku, kwa hiyo ulizia kabla. Ukipenda mashine, Abbey Pumping Station iko jirani: mitambo mikubwa ya mvuke ya mwaka 1891 iliyosukuma majitaka ya jiji, iliyoundwa na mafundi wa Leicester wenyewe, na pembeni yake kuna makumbusho ya anga za juu yaliyofunguliwa 2001. Mchana rudi Belgrave Road. Pita madirisha ya masonara polepole, mwangalie Gandhi wa shaba, halafu ingia mgahawa wowote wenye wazee wengi ndani. Agiza mogo na kachori. Aliyekaa meza ya pili akikutazama sana, msalimie kwa Kiswahili.