Kupaka rangi kingo za karata za taroti: usizibane zote pamoja

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuzibana karata zako zote 78 za taroti, zile za picha ambazo wengi huzipigia ramli, kwa mpira, upitishe maka peni nyeusi ubavuni, kazi iishe. Nakuomba usifanye hivyo. Mimi nilifanya, na pakiti ile haijarudi ilivyokuwa.

Yangu ilikuwa pakiti ya taroti iitwayo Rider-Waite, yenye michoro ya Pamela Colman Smith iliyotoka London mwaka 1909. (Wapo wanaosema hii ni ramli tu. Mimi nilivutwa na michoro, na mama yule bado hajapewa heshima anayostahili.) Nilikata fremu nyeupe zote kwa kisu na rula ya chuma ili picha zifike hadi ukingoni. Zilipendeza, lakini karata za Ibilisi, Mnara na Panga Tisa zimejaa weusi, kwa hiyo weupe wa karatasi ukawa unaonekana kama uzi uliozungushiwa karata. Ndipo nikachukua maka peni.

Kwa nje zilitoka safi kabisa. Kuja kuzifungua, nyingine zimegandana mbilimbili, na kwenye karata ya Nyota vijinywele vyeusi vimeingia kwenye anga la bluu hadi karibu na moja ya zile nyota ndogo za pembeni. Niliishika ile karata muda mrefu sana.

Sababu ni hii: uso wa karata umepakwa utando unaozuia unyevu, ila ukingo ni karatasi tupu, inafyonza. Ukikata kwa mkono ndiyo kabisa, maana nyuzi za karatasi zinabaki zimesimama. Wino wa maka peni za spiriti ni mwepesi, na ukikuta karata zimebanana unateleza katikati yake kabla haujakauka. Ukigusa uso, hauondoki kwa kitambaa kikavu, na ukijaribu kuufuta kwa spiriti unaweza kuondoka na picha.

Siku hizi natumia pedi ya wino ya kugongea mihuri, ule wino wa maji, na nafanya karata moja moja. Ndiyo, ni kingo 312, nami huzigawa kwa jioni tatu. Kwanza napitisha msasa laini ukingoni, mara moja tu, kulainisha zile nyuzi, kisha nafuta vumbi. Karata naishika imesimama wima juu ya pedi na kuuburuta ukingo wake taratibu, bila kukandamiza. Ukikandamiza, sponji ya pedi inapanda usoni. Pembe za mviringo nazizungusha kwa mkono mwepesi. Papo hapo napangusa uso na mgongo kwa pamba kavu, maana wino wa maji ukiwahiwa unatoka kwenye ule utando. Halafu naitandaza peke yake hadi asubuhi, isigusane na mwenzake.

Maka peni za dhahabu na fedha mimi nimeziacha. Zinaacha ngozi ya rangi juu ya ukingo, na ukianza kuchanganya karata ngozi ile inabanduka vipande vipande.

Kuhusu rangi, kama nawe umekata fremu, fikiria kahawia iliyoiva badala ya nyeusi. Inaficha weupe kwenye Ibilisi bila kuikaba karata yenye mwanga kama Jua. Ila kama pakiti hiyo ni ya zamani, au uliachiwa na mtu, iache na weupe wake.

Pakiti nyingi huja na karata moja au mbili za ziada, za tangazo au maelezo. Anza na hiyo. Ipake leo usiku, na kesho asubuhi isugue ukingo kwa karatasi nyeupe ya chooni. Karatasi ikitoka na rangi, subiri siku nyingine au badilisha wino. Ikitoka safi, endelea na hizo 78.